Ustadi wa Sikio katika Ziwa Edward

Wavuvi wa Kyavinyonge, upande wa Kongo, wanaojua kuvua kwa sikio wamebaki wa kuhesabika, na karibu wote wana mvi. Vijana wanaoteremka kutoka Butembo na Beni kutafuta maisha ziwani ni hodari wa kuvuta kamba ya moteri na kuchunga chaji ya simu. Kulisikiliza ziwa hawajui, na wala hawaoni kwamba wamekosa kitu. Kwa wazee wetu, mvuvi wa namna hiyo alikuwa abiria tu.

Nilibahatika kumtazama mzee mmoja akiwa kazini. Giza lilikwisha kuingia. Taa hakuwa nayo wala hakuitaka. Alipiga kasia polepole, kisha akagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini, mara mbili, bila nguvu. Akaliinua kasia, akaacha matone yaishe, akangoja. Upande wa ufukoni kiboko akakoroma. Wa pili akamjibu kwa mbali, mkoromo ule mzito unaokatika-katika kama kicheko cha mlevi. Mzee akageuza mtumbwi kidogo tu.

“Huyo wa kwanza ana mtoto,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Hapo hatupiti, mtoto wangu.”

Akagonga tena. Kwa mikoromo hiyo alijua nani bado yumo majini na nani amekwisha kupanda nchi kavu kula majani. Alijua pia maji ya kundi lipi yana rutuba. Kiboko hula usiku nchi kavu, mchana hurudi kujisaidia ziwani, na samadi hiyo huotesha mwani ambao ni chakula cha tilapia. Penye mkoromo pana samaki, lakini pana kifo vilevile, na kazi yote ya mvuvi ilikuwa kuutega wavu katikati ya hayo mawili. Upepo kwenye matete ulimwambia ufuko uko wapi. Hilo si jambo dogo katika ziwa ambalo mpaka wake na Uganda hauna alama juu ya maji, na wanaouvuka bila kujua huishia kukamatwa na wanajeshi wa ng’ambo.

Uvuvi ni kazi ya zamani sana huku kwetu. Pale Ishango, mto Semliki unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye mikwaruzo iliyopangwa makundi makundi, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000, pamoja na ncha za mifupa za kuchomea samaki. Dunia imeusifu mfupa huo kwa sababu ya hesabu. Masikio ya watu hao hayakuacha kitu cha kuwekwa makumbusho, lakini sidhani walivua wakiwa viziwi.

Na kiboko mwenyewe si wa kudharauliwa katika habari hii. Kati ya wanyama wote walio hai, ndugu yake wa karibu kabisa ni nyangumi. Akiita akiwa amezama nusu, sauti yake husafiri hewani na majini kwa wakati mmoja. Mwaka 2022 watafiti waliofanya kazi Msumbiji walieleza kwamba kiboko hutambua kwa sauti tu kama anayeita ni jirani au mgeni, na sauti ya mgeni huijibu kwa ukali zaidi. Mzee wangu hakuhitaji kuambiwa hayo.

Huko baharini ukoo huo umeufikisha ustadi mbali. Nyangumi anayezamia ngisi gizani hutoa milio mifupi ya kugonga-gonga, kisha husikiliza mwangwi umwambie windo liko wapi. Wale wenye nundu, huko Alaska, huwazingira samaki kwa duara la mapovu huku mmoja akipiga mlio wa kuwafukuzia juu. Wenzao wa bahari za kusini hupita Watamu, Kenya, kuanzia Julai hadi Septemba. Sauti nzito za nyangumi wakubwa huweza kusikika mamia ya kilomita. Adui wa ustadi huo ni injini. Septemba 2001, baada ya mashambulizi dhidi ya Marekani, meli zilipungua katika Ghuba ya Fundy, Kanada; kelele za majini zikashuka kwa desibeli 6, na homoni za mfadhaiko katika kinyesi cha nyangumi zikashuka nazo. Ilibidi wanadamu wafikwe na msiba ndipo nyangumi wapumue.

Sisi misiba yetu haikumpumzisha mnyama yeyote. Katika miaka ya 1970 hifadhi yetu ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 27,000. Vita vikaja, na kila mwenye bunduki, awe na sare au asiwe nayo, aliwageuza kuwa nyama ya kuuza na meno ya magendo; kufikia katikati ya miaka ya 2000 hawakutimia hata 1,000. Waliobaki nao wamepata pigo jingine: Aprili 2025 kimeta kiliua wasiopungua 50 katika mto Ishasha, kusini mwa ziwa. Juu ya upungufu huo tukawasha moteri.

Ustadi wa yule mzee unahitaji vitu viwili, kimya na kiboko, na vyote viwili tumeviuza kwa bei ya kutupa. Sasa mama zetu sokoni Butembo wanageuza tilapia mkononi na kulalamika kwamba ni mdogo kuliko wa zamani. Tunawalaumu wenye nyavu za macho madogo, tunavilaumu vita, tunaulaumu mpaka. Hakuna linalosingiziwa hapo. Ila wazee walipotuambia tunyamaze tusikie, sisi ndio tuliowaona washamba, na kwa hilo tusimtafute mchawi ng’ambo ya ziwa.