Sifa za Umeme Usiounguza

Stima ya majumbani Kenya ni volti 240, na Bungoma nzima inajua la kufanya waya ukichubuka: kaa kando, ita fundi. Wapo watu wanaochukua umeme unaokaribia volti 2,000, wakaupeleka ndani ya moyo unaopiga, makusudi, ili waue sehemu yake. Mwenye moyo anaamka, anauliza chai. Ufundi huo nausifu bila haya.

Ugonjwa unaotibiwa hivyo ni huu. Vyumba vya juu vya moyo vinaacha kubana kwa mpango na kubaki vinatetemeka. Damu inatuama, inaganda, na bonge likichomoka hadi ubongoni mtu anapooza upande mmoja. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake huko Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba vurugu hizo mara nyingi huanzia kwenye midomo ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Kazi ikajulikana: izungushie midomo hiyo kovu, umeme wa fujo usipite.

Kovu hilo lilipatikana kwa kuunguza au kugandisha. Lakini moto haujui jirani. Nyuma ya moyo umelala umio, ubavuni inapita neva inayoendesha kiwambo cha pumzi. Ni nadra, ila umio ukiungua unaweza kutoboka wiki kadhaa baadaye, na wengi wa waliopatwa na hilo hawakupona.

Hapo ndipo elektroporesheni inaposhika sifa yake. Umeme hupigwa kwa vipande vinavyodumu sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Utando wa seli hutoboka vitundu. Vikiwa vichache hujiziba, vikizidi seli hufa. Misuli ya moyo hufa kwa kipimo ambacho umio na neva kwa kawaida huvumilia, na ufundi wote umo katika pengo hilo. Aliyewahi kufanya kibarua katika mashamba ya mbegu za mahindi Kitale ataelewa: unapita mstarini ukikata mbelewele za mimea ya kike, na mstari wa dume ulio pembeni huugusi.

Umeme huu haukuanza na adabu. Mwaka 1982 Melvin Scheinman na wenzake wa San Francisco walipitisha pigo zima la mashine ya kushtua moyo kwenye waya ulioingizwa moyoni. Njia hiyo ilisababisha mlipuko mdogo mle ndani, na baada ya miaka michache madaktari wakaikimbia. Umeme ulirudi baada ya kukatwakatwa na kupimwa upya. Vivek Reddy, Petr Neuzil na wenzao walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kwanza 2018, na Marekani ikaidhinisha chombo cha kwanza Desemba 2023.

Mimi napenda zaidi habari za mikono. Katheta huingilia kinenani, ikapanda na mshipa hadi chumba cha kulia cha moyo. Ili kuvuka kushoto, ukuta wa katikati hutobolewa kwa sindano. Ukikosea kidogo, umeingia aorta. Kisha katheta inakunjuliwa mdomoni mwa mshipa, pigo, inazungushwa kidogo, pigo tena. Kwenye skrini vilima vya umeme vinapotea, mstari unalala. Na fundi mzuri hajisahau: mapigo yakizidi, chembe nyekundu za damu hupasuka na figo zikaumia, akipiga karibu na ateri ya moyo, ateri hujikaza.

Kwetu mambo yana sura nyingine. Wengi wanaopewa rufaa kutoka Kitale na Bungoma kwenda Hospitali ya Moi, Eldoret, si wazee wa Ulaya. Wamo akina mama vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na koo la utotoni lisilotibiwa. Vali ikishabana, kumchoma mtu umeme si jibu la kwanza. Huyo anahitaji vali yake ishughulikiwe, na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha kuwa dawa za kundi hilo kongwe ziliwafaa wagonjwa wa aina hii kuliko rivaroxaban mpya. Warfarini nayo inataka ustadi: INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ikae kati ya 2 na 3, na managu na sukuma wiki ziliwe kwa kiasi kisichobadilikabadilika.

Tena kabla ya yote hayo lazima mtu augundue ugonjwa. Tabibu wa Kiminini au Chwele anaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mama, stethoskopu kifuani, anahesabu dakika nzima. Kifuani 120, mkononi 96: mapigo mengine hayafiki. Anaomba ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na karatasi inatoka na miiba isiyolingana nafasi, vilima vidogo vya mwanzo havipo. Huyu nami namwita fundi, sawa na wa Bordeaux.

Basi msomaji, mzazi wako akilalamika kwamba moyo unamruka, usimwambie ni mawazo. Mpeleke apimwe mapigo dakika nzima na afanyiwe ECG, na karatasi ile muitunze vizuri. Daktari wa Eldoret ataiulizia.