Mpiga Picha Mbele ya Waya

Fundi wa kamera akiijua kazi yake, waya wa kizimba hupotea. Husogeza lenzi hadi ikaribie kuugusa wavu, akafungua tundu lake mpaka mwisho, akavuta zumu, kisha akangoja chui arudi nyuma hatua kadhaa. Waya ulio puani mwa kamera hugeuka ukungu usioonekana, naye chui aliye mbali hubaki amekolea, kila doa mahali pake. Jua likiupiga waya kwa mbele, waya hung'aa na kuichafua picha, ndiyo maana mkono wa kushoto huwa juu, umeshika kofia kuutilia kivuli. Atakayeiona picha hiyo baadaye ataapa kwamba ilipigwa Maasai Mara. Kumbe ilipigwa Kisumu, karibu na mjini, na nyuma ya mpiga picha watoto wa shule walikuwa wakila mandazi.

Sisi tunaokaa Chepseon, huku Kericho, tukitaka kumwona chui au simba kwa macho, hatuna budi kusafiri. Katika vijisitu vya kando ya mito bado wapo mbega, na tumbili hawakosi kwenye mahindi, lakini mashamba makubwa ya majani chai yalipofunguliwa Kericho katika miaka ya 1920, msitu ulirudi nyuma, na wanyama wakubwa wakaenda nao. Mtu hupanda matatu barabarani, akapita Kericho na Kapsoit, akateremka kwenye joto la Ahero, hadi Kisumu Impala Sanctuary kando ya Ziwa Victoria. Hifadhi hiyo ilitangazwa rasmi mwaka 1992, nayo haifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Swala pala huzunguka humo watakavyo. Simba, chui na fisi wamo vizimbani.

Ukielekea upande wa pili, utafika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ambako simba na vifaru hutembea bila kizimba. Hata hivyo, hifadhi nzima imezungukwa na ua wa umeme. Simba wa Nakuru naye yumo ndani. Tofauti ni kwamba ua wake uko mbali, na lenzi haiufikii. Ukilitafakari hilo, unaona kwamba kizuizi kina vipimo, na kwamba kamera hutwambia kidogo sana kuhusu vipimo hivyo isipokuwa aliyeishika ameamua kutwambia.

Wapiga picha wa miji yetu ya barabara kuu wamezoea kuwapanga watu. Harusini, kwenye mahafali, katika picha za kitambulisho, kazi yao ni maneno: inua kidevu kidogo, mama, mzee, tazama hapa, wewe kijana, funga kifungo cha shati. Simba haambiwi lolote. Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, kwa kuwa mdomo umenyang'anywa kazi na jicho limeachiwa yote. Asubuhi, lango linapofunguliwa, baridi haijaisha na mnyama yuko macho, saa sita mchana amelala kivulini na mtoto mmoja analalamika, "Mwalimu, mbona hafanyi kitu?" Mwalimu hana la kujibu. Mpiga picha analo: hupiga magoti. Picha iliyopigwa kutoka juu humdunisha mnyama, ilhali iliyopigwa kwa kimo cha macho yake humrudishia uso. Kisha hutafuta ule mng'ao mdogo wa mwanga ndani ya mboni, kwa sababu jicho lisilo na mng'ao huonekana limekufa hata kama mwenye jicho yu mzima. Jioni, katika mafremu yote aliyopiga, huchagua kama mchuma chai: majani mawili na kichipukizi, mengine yote huachwa.

Huu ni ufundi wa kweli, nami nausifu. Lakini una uongo wake, na wa waya ndio mdogo. Mkubwa uko kwenye miguu. Mnyama aliyefungiwa mara nyingi hushikwa na mwendo usiokwisha: kona hadi kona, anageukia palepale, anakanyaga palepale, saa baada ya saa. Wataalamu wa tabia za wanyama huuhesabu mwendo huo kuwa dalili kwamba kitu alichoumbiwa kukifanya, kutafuta, kuvizia, kuzunguka eneo lake, hakina nafasi pale alipo. Sasa mpige picha kwa shata ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mguu umeinuka, bega limejaa, kichwa kimeshuka, macho yako mbele: chui anayenyemelea windo! Hakuna windo. Picha imeichukua dalili ya dhiki na kuigeuza utukufu, na hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Dawa yake imo kwenye kamera ileile. Iegemeze kamera mahali pasipotikisika, ushushe shata hadi sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, au hata robo sekunde. Nondo na ukuta vitatoka vikali, na mnyama atatoka mchirizi, mstari wa rangi unaokwenda na kurudi. Au mwache mnyama kabisa, uipige njia aliyoichimba kwa nyayo zake pembeni mwa ua, pale majani yasipoota. Picha hizo mbili hazipendezi ukutani, lakini zinasema lile ambalo picha ya kwanza ililifunika.

Swali hili lina umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1850 kiboko mchanga aliyekamatwa katika Nile Nyeupe alifikishwa kwenye bustani ya wanyama ya London, akaitwa Obaysch. Watu walimiminika kumwona. Mwaka 1852 Count wa Montizón alimpiga picha, na picha hiyo ipo hadi leo. Kiboko amelala ubavuni mwa kidimbwi chake; nyuma yake ni nondo; nyuma ya nondo, watazamaji. Kwa kuwa kamera ilikuwa upande wa kiboko, ni watu wanaoonekana kufungiwa. Uzio haukupotezwa katika picha hiyo, na kwa bahati hiyo tumeachiwa ushahidi wa pande zote mbili: aliyetazamwa na waliotazama.

Mnyama aliye porini humaliza picha mwenyewe. Akichoka nawe huingia kichakani, nawe hubaki na ulichopata. Aliye kizimbani hana kichaka, na uamuzi wa kumaliza umehamia kwa mwenye kamera. Kwa maoni yangu, heshima yote ya kazi hii imekaa hapo. Kupiga mluzi ili ageuke, kugonga waya, kuwasha fleshi usoni mwa mnyama aliyejikunyata, kurusha ganda la ndizi kwa nyani ili apate tukio: yote hayo ni kutumia nafasi kwamba mwenzako hawezi kuondoka. Fundi mwadilifu husoma dalili ambazo mnyama angezifuata kama angekuwa na njia: masikio yaliyolala, mgongo aliogeuziwa, kuhema kulikobadilika. Akiziona, huishusha kamera na kuondoka kwa niaba yake.

Baada ya kusema hayo, nisingependa msomaji akimbilie hasira nyepesi dhidi ya kila kizimba. Nairobi Animal Orphanage ilianzishwa mwaka 1964 kuwapokea wanyama yatima na waliojeruhiwa, na simba aliyelelewa kwa mkono wa mtu tangu utotoni hakufunzwa kuwinda wala kumwogopa binadamu. Ukimfungulia mlango, huenda siku chache zikampeleka kwenye zizi la mfugaji na kwenye mkuki. Wakati mwingine mlango ulifungwa kwa sababu sisi tuliokuwa nje ndio tuliokuwa hatari. Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini, alikamatwa akiwa mtoto katika miaka ya 1970, akaishi katika bustani ya Dvůr Králové huko Czechoslovakia. Wenzake waliobaki porini wakaisha kwa majangili. Desemba 2009 aliletwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, pamoja na Suni, Najin na Fatu, akalindwa kwa bunduki usiku na mchana. Alipofariki mwezi Machi 2018, walibaki majike wawili tu duniani, Najin na bintiye Fatu, wote wawili wazaliwa wa kizuizini. Kufungiwa ndiko kulikowafikisha walipofika.

Siku za mwisho za Sudan, mpiga picha Ami Vitale alipiga picha ya mtunzaji wake, Joseph Wachira, akiwa amemwinamia mzee huyo wa kifaru. Haina waya hata mmoja, na bado haimdanganyi mtu. Ule ukaribu wa mtu na mnyama unakwambia papo hapo kwamba huyu si kifaru wa porini, na kwamba kuna aliyekuwa akimlisha na kuamka usiku kwa ajili yake. Ukweli wa mahali unaweza kusemwa bila kuonyesha nondo, mradi usemwe.

Huku kwetu, kwa Wakipsigis, kila ukoo una mnyama au kiumbe chake, na mtu hutambulishwa nacho: simba, tembo, korongo, nyuki. Huwezi kumdharau simba mbele ya mtu wa ukoo wa simba. Nimejiuliza mara nyingi mtu wa ukoo huo aone nini anaposimama na wajukuu wake mbele ya simba wa Kisumu. Sidhani kwamba picha ya waya uliopotea inamtosha, kwa maana inamfichia mwenzake alipo. Wala picha ya nondo tupu haimtoshi, kwa maana inamwonyesha mfungwa na kumnyima simba. Anastahili zote mbili, zikiwa zimewekwa pamoja: moja inayosema huyu ni nani, nyingine inayosema yuko wapi.

Ndiyo sababu naihesabu hatua ya mwisho ya ufundi huu kuwa ya kalamu. Picha ikishatoka, ikasafishwa, ikapendeza, mpiga picha aandike chini yake: chui, Kisumu, ndani ya kizimba. Ni maneno matano tu, hayampunguzii chui uzuri wake hata kidogo. Asiyeyaandika, hata awe na lenzi ya thamani gani, ameiacha kazi nusu.