Bwawa la Kiboko: Jinsi Hunter Alivyotega Wasafiri kwa Maji

Hunter's Lodge ya Kiboko, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi kwenye barabara ya Mombasa, ilianzishwa na John Alexander Hunter na mkewe Hilda baada ya mume kustaafu utumishi wa serikali mwaka 1958. Starehe yake ilikuwa bwawa, miti, ndege na wenye nyumba wenyewe, kwani Hunter alikuwa tayari ameandika kitabu cha uwindaji kilichosomwa sana ng'ambo. Anayetoka Kambu, kwenye barabara hiyo hiyo, kuelekea Nairobi huikuta baada ya kupita Kibwezi na Makindu.

Hunter aliifahamu nyika hii kutokana na kazi ya umwagaji damu. Kati ya 1944 na 1946, akiwa Idara ya Wanyamapori, aliua faru 996 huko Makueni ili kufungua ardhi ya makazi mapya ya Wakamba waliokuwa wamesongamana Machakos. Maandishi ya zamani huitaja idadi hiyo kama ushujaa. Kwa msomaji wa leo ni hasara tupu. Lakini mtu anayefuata nyayo za faru kwenye ukame hujua kila mahali penye maji, na ujuzi huo ndio uliochagua kiwanja cha hoteli.

Mvua ya ukanda huu, kuanzia Kiboko hadi Kambu, ni takriban milimita 600 tu kwa mwaka, nayo huja kwa vishindo vya siku chache. Maji ya Kiboko hutoka kwingine. Milima ya Chyulu ni rundo la lava na majivu ya volkano lenye matundu na nyufa nyingi. Mlipuko wake wa mwisho ulitokea katikati ya karne ya 19. Mvua na ukungu vikishuka juu yake, maji huzama badala ya kutiririka, kisha hujitokeza chini ya milima kama chemchemi: Mzima upande wa Tsavo, Umani katika msitu wa Kibwezi, na Kiboko. Mzima hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, na tangu 1957 sehemu ya maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Kiboko ni ndogo mno ikilinganishwa nayo, lakini kwa bwawa la kupumzikia inatosha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Jua la Makueni linaweza kunyonya karibu mita mbili za maji kwa mwaka. Bwawa la hekta moja hupoteza hivyo mita za ujazo 20,000, yaani kama lita 55,000 kila siku. Zinaonekana nyingi, lakini hazifiki hata lita moja kwa sekunde. Chemchemi ndogo isiyokatika hufidia upotevu huo wote na kubakiza maji ya kufurika. Bwawa linalotegemea mvua pekee, hata liwe kubwa mara tatu, litakuwa tope kabla ya Oktoba.

Ukuta wa bwawa nao una kipimo chake. Maji yakiinuliwa juu sana ya jicho la chemchemi, uzito wake huikandamiza, nayo hutafuta mwanya mwingine katika lava. Mwenye bwawa huamka akakuta maji yametokea shambani kwa jirani. Kwa hiyo bwawa la namna hii ni bora liwe na ukuta mfupi, na maji ya ziada yaachwe yapite. Faida nyingine ni kwamba chemchemi haibebi mchanga. Mito ya msimu ya Makueni na Kitui hujaza bwawa mchanga upesi, na ndiyo sababu wakulima wa huko hujenga kuta za kuukusanya mchanga kwa makusudi: maji hukaa ndani yake, jua lisiyafikie. Ni ufundi bora kwa kisima, lakini hakuna mgeni atakayelipia chai ili atazame mchanga.

Migunga yenye gome la manjano hustawi pale mizizi inapofikia maji ya ardhini, hivyo kivuli cha bustani kilikuwa tayari kimepandwa na chemchemi. Ndege walifuata miti na maji. Hunter aliongeza vyumba, meza, na mahali pa kuketi pakitazama bwawa.

Barabara ndiyo iliyoleta wateja. Kabla ya lami, vumbi na mashimo viliifanya safari ya Mombasa kuwa kazi ya kutwa nzima, na gari lililotoka Nairobi asubuhi lilifika Kiboko likihitaji maji sawa na abiria wake. Lami ilipokamilika, haja hiyo ilipungua. Mabasi yakahamishia mapumziko Mtito Andei, na tangu 2017 treni ya Madaraka Express imewachukua wengi ambao wangepita barabarani. Hata hivyo, maji yanayopita bwawa bado huendelea na mto Kiboko kuelekea Athi, unaotenganisha Makueni na Kitui.