Nani anashika fimbo? Kuangalia tena picha ya "Colonie belge"

Ndugu na dada zangu wa chama, kama ulikulia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, ile picha unaijua hata kama hujui jina lake. Kwa kambo wangu, kule Katuba, ilikuwa imetundikwa kwa salon juu ya radio. Ni kiwanja cha gereza. Bendera ya Ubeleji iko juu. Katikati mutu amelala chini, nguo imeshushwa, anapigwa fimbo. Wafungwa wenye nguo za mistari wanaendelea na kazi kama vile hakuna kitu. Pembeni wanawake wamekuja na chakula. Tena kuna muzungu mwenye kofia yake ngumu, amesimama tu, anaangalia. Mara nyingi wanaandika juu yake: Colonie belge 1885–1959.

Kambo aliinunua akiwa mufanyakazi wa Gécamines, miaka ya 70. Wakati ule wachoraji walipita nyumba kwa nyumba wakiuzisha. Wanunuzi hawakuwa matajiri, walikuwa wafanyakazi, makarani, walimu wa shule. Mumoja wa wale wachoraji alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, mwenye kuzaliwa hapa mujini mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi, picha zaidi ya 100, juu ya Johannes Fabian, profesa aliyefundisha kwa université yetu. Leo zile picha ziko Amsterdam, kwa nyumba ya makumbusho. Mimi mutoto wa Lubumbashi nimeziona kwa simu tu. Tuache hiyo, ni uchungu wa siku ingine.

Wale waliosoma historia kati yetu wanapenda kusahihisha ile tarehe. Wanasema 1885 haikuwa bado koloni ya Ubeleji, ilikuwa Inchi Huru ya Leopold, Ubeleji ikaichukua mwaka 1908. Ni kweli. Lakini ninafikiri muchoraji hakukosea. Kwa mgongo wa mwenye kupigwa, 1908 haikubadilisha kitu. Aliandika tarehe za mgongo, hapana tarehe za sheria.

Kitu nilichokosa mimi mwenyewe kwa miaka mingi ni kingine. Nilisoma ile picha sawa vile tunaisoma wote: wazungu walitutesa. Kwa darasa nilifanya hata exposé juu yake, nikapata point nzuri, na sikuona hata siku moja nani anashika fimbo. Muangalie vizuri. Ule muzungu hapigi. Mikono yake haina kazi. Mwenye kupiga ni polisi mweusi, mwenye kofia nyekundu, mwenye mushahara kidogo, ambaye pengine jioni atarudi kwa kambi na kukosa chumvi sawa na wengine.

Nilianza kuona vile siku nilipopata kazi.

Kisha diploma nilikaa mwaka moja na nusu bila kitu. Halafu ndugu moja akanipeleka kwa kampuni ya sutretansi, njia ya Kolwezi, ni kusema kampuni inayoleta watu kwa kutumika ndani ya kampuni kubwa ya mine. Sitaitaja. Nikawekwa pwentere: asubuhi naandika nani amefika, jioni naandika nani amebakia. Walikuwa watu wa siku kwa siku, wa kupakia, kufagia, kuchimba mitaro. Juma ya kwanza shefu akaniita kando.

"Mudogo, mutu akifika siku makumi mbili na moja, unamutosha kwa liste. Atarudia mwezi ule mwingine. Umeelewa?"

Nilielewa, na ndiyo ubaya wenyewe. Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema kwamba mutu wa siku kwa siku akitimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya ile miezi kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya kudumu. Wale walioandika ile sheria walitaka kumulinda. Shefu akaigeuza ngazi yenye kukosa hatua ya mwisho. Na ile hatua, mwenye kuikata kila mwezi na bic yake alikuwa mimi, mwenye licence.

Kulikuwa muzee moja kati yao, mwenye umri wa baba yangu. Siku moja alikuja mbele ya meza yangu na kofia mukononi.

"Mutoto wangu, wewe ulisoma, si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi unielezee. Mimi niko hapa tangu mvua ya mwaka jana. Juu ya nini kila mara niko mupya?"

Nilimwambia aende aulize kwa biro. Alinishukuru. Juu ya ile asante, mpaka leo nikikumbuka, ninasikia haya.

Nimesikia ndugu wengi hapa wakisifu sheria ya Februari 2017 juu ya sutretansi, inayotaka zile kampuni ziwe na mtaji wa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Siikatai. Ni vizuri pesa ibakie kwetu. Lakini tuwekeane kweli: kubadilisha rangi ya mwenye kushika fimbo hakumusaidii mwenye kulala chini. Mwaka 2021 ripoti ya RAID na CAJJ juu ya migodi mikubwa ya kobalti ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa chini ya sutretansi, na mushahara na matunzo yao yalikuwa chini kuliko ya wenye kontra na kampuni yenyewe. Ukiuliza kampuni kubwa, itajibu: hawa hawako watu wetu. Yaani inasimama pembeni, mikono bila kazi, na kofia yake ngumu. Serikali nayo iliweka mushahara wa chini kabisa 7.075 FC kwa siku mwaka 2018, na ikaacha hesabu ile ikalala miaka mingi huku unga ukipanda. Kambo alikuwa na nyumba, shule ya watoto na posho. Simutamani ule wakati, kulikuwa unyonge mwingi ndani yake, lakini mutoto wake hakuulizwa kila mwezi kama yeye ni mupya.

Sasa, niko na neno pia juu ya picha yenyewe. Inakubali mno. Hakuna mutu anayeinua macho. Wanawake wanaleta chakula, wafungwa wanabeba, kila mutu anajua nafasi yake. Tshibumba mwenyewe alijua kwamba haikuwa hivyo kila siku, juu alichora pia tarehe 9 Desemba 1941, siku wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wakigoma juu ya mushahara walipigwa risasi kwa kiwanja cha mpira, hapa hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Kati ya waliokufa kulikuwa Léonard Mpoyi. Alikuwa karani! Hakuwa mutu wa kubeba mizigo. Alijua kusoma, kuandika, kusema na wakubwa, na angeweza kushika kitabu cha majina na kunyamaza. Alisema kwa ajili ya wale wenye kubeba.

Colonie belge nimeiona kwa salon nyingi. Ile ya 1941 sijaiona hata kwa nyumba moja.

Kazi yangu iliisha kama zao, kontra haikurudiliwa. Lakini kitabu changu cha hesabu kilibakia kwa saki, hakuna aliyekiomba. Majina, tarehe, 21, 21, 21, kurasa kwa kurasa. Kilikaa chini ya kitanda miezi minane. Juma hii nilipiga simu kwa ule muzee. Nilifikiri hatanikumbuka, kumbe alinikumbuka sana, na alinyamaza kidogo mbele ya kujibu. Tumepatana tukutane siku ya kwanza, saa mbili ya asubuhi, mbele ya biro ya inspeksio ya kazi. Amesema atakuja na wengine wane.