Kitanda Kitupu Kina Kazi Yake

Katika hesabu za hospitali, kitanda kisicho na mgonjwa huhesabiwa kuwa hasara. Mwaka 1999, Adrian Bagust, Michael Place na John Posnett walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ, Uingereza, utafiti unaopinga mtazamo huo. Hawakugusa wodi yoyote. Waliunda hospitali ya kufikirika ndani ya kompyuta.

Katika uigaji wa aina hii, programu huchagua kwa bahati nasibu idadi ya wagonjwa wa dharura wanaofika kila siku na muda watakaolazwa. Vitanda hujaa na kuachwa wazi, siku baada ya siku, na kila mgonjwa anayekosa nafasi hurekodiwa. Miaka mingi ya hospitali hupita kwa muda mfupi, bila mtu kuumia.

Matokeo yalikuwa wazi: wastani wa vitanda vyenye wagonjwa ukizidi asilimia 85, hatari huanza kuonekana; ukifika 90, uhaba huwa jambo la kawaida.

Sababu ni kwamba wagonjwa hawaji kwa wastani. Tuchukue hospitali yenye vitanda 100, inayopokea wagonjwa 17 kwa siku, kila mmoja akilazwa siku 5. Kwa wastani inahitaji vitanda 85. Ikiwa wanafika bila mpangilio, vitanda havitatosha katika siku 5 hivi kati ya 100. Mgonjwa mmoja zaidi kwa siku hupandisha mahitaji hadi vitanda 90, na siku za uhaba zinakuwa kama 13. Ongezeko ni dogo, madhara ni makubwa.

Hata hivyo, asilimia 85 si sheria ya kila mahali, na ni kosa kuichukulia hivyo. Wodi ya vitanda 20 yenye mahitaji ya wastani wa vitanda 17 ina uwiano uleule, lakini itapungukiwa takriban siku moja katika kila tano, kwa kuwa penye wachache kupanda na kushuka huuma zaidi.

Faida kubwa ya uigaji ni kupima tiba kabla ya kuitumia. Katika hospitali ya wagonjwa 18 kwa siku, kupunguza muda wa kulazwa kutoka siku 5 hadi 4.7 hurudisha mahitaji chini kidogo ya vitanda 85. Tofauti hiyo ni kama saa 7 kwa kila mgonjwa: mara nyingi ni muda wa kusubiri majibu ya maabara, dawa za kwenda nazo nyumbani, au daktari wa kumruhusu.