Yokozuna Angerudi Hivi

Royal Rumble ya Januari 1993, mjini Sacramento, Marekani, ilianza na orodha ya wanamieleka 30 wanaoingia ulingoni mmoja baada ya mwingine. Mwishoni wamebaki wawili. Randy Savage anapanda kona, anaruka, anamshukia mwenzake kwa kiwiko, kisha anamlalia kifuani utadhani anataka refa ahesabu mpaka tatu. Shindano hili halina kuhesabiwa; mtu hutoka kwa kurushwa juu ya kamba ya juu, basi. Yokozuna, aliyelala chali na uzito wake unaotangazwa kuwa zaidi ya kilo 225, anasukuma mara moja. Hainuki, hapigi goti. Anasukuma kutoka palepale chini, na Savage anapaa juu ya kamba na kuangukia nje.

Anayeifahamu mieleka ya kulipwa anajua kwamba aliyeruka ni Savage. Miguu yake ndiyo iliyofanya kazi, na kwa kuruka alikuwa fundi hasa. Lakini irudie kanda, na safari hii mtazame yule wa chini. Mikono yake imetulia mpaka Savage awe tayari kuondoka, kisha inapanda yote miwili kwa pamoja. Angewahi kidogo, tungeona mtu anajirusha mwenyewe. Angechelewa, tungeona mtu anasindikizwa. Kwa kuwa aligusa pale hasa panapotakiwa, jicho linaamini nguvu. Kwangu mimi ufundi wa mzito unaanzia hapo, katika kujua saa ya kufanya jambo moja dogo, na ndiyo maana naamini mtu huyu alikuwa bado na miaka mingi ya kazi pale Marekani ilipomhesabu kuwa amekwisha.

Jina lake halisi ni Rodney Anoa'i. Alizaliwa San Francisco mwaka 1966, katika ukoo wa Kisamoa ambao mieleka kwao ni kazi ya kurithishana. Wazee wa ukoo, Afa na Sika, waliopigana pamoja kwa jina la Wild Samoans, ndio waliomfundisha. Kabla ya umaarufu alizunguka akiitwa Kokina, akapigana Marekani katika kampuni ya AWA na Japani katika kampuni ya New Japan. Mwishoni mwa 1992 kampuni ya WWF ikamvisha vazi la sumo, ikampa jina la cheo kikubwa kuliko vyote katika mchezo huo, na kumwekea meneja, Mr. Fuji, mwenye bendera ya Japani na chumvi ya kurusha. Hakuwahi kuwa mcheza sumo wala Mjapani. Januari hiyohiyo ya 1993, kule Tokyo, Akebono mzaliwa wa Hawaii alikuwa anapandishwa kuwa yokozuna wa kweli, mtu wa kwanza kutoka nje ya Japani kufikia ngazi hiyo. Vazi lile la Rodney lilikuwa mchezo wa kuigiza uliobuniwa ofisini na watu walioona unene na Asia wakaridhika, na kwa maoni yangu halikumtendea haki Msamoa yule. Hata hivyo alilivaa kwa heshima kubwa. Alitembea polepole kuelekea ulingoni, akainama, akakanyaga mguu mmoja baada ya mwingine bila kupepesa macho. Kanda za video zilizozunguka kwenye vibanda vya mitaa yetu zilimleta hata huku Afrika Mashariki akiwa na sura hiyohiyo, na hakuna mtoto aliyemcheka.

Kazi ya pande la mtu ulingoni ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mwepesi akikosea kuanguka, anaumia yeye. Mzito akikosea, anaumia mwenzake. Pigo lake maarufu, Banzai Drop, lilikuwa hivi: anamburuta mpinzani hadi kwenye kona, anapanda kamba ya pili akiwa ameshika kamba za juu kwa mikono miwili, anatulia, kisha anashuka makalio yakilenga kifua cha aliyelala. Ukilitazama polepole utaona nyayo zinatangulia. Zinagusa sakafu ya ulingo pembeni mwa mpinzani, na mapaja yanapokea mzigo kabla ya makalio kufika. Mikono nayo haiachii kamba mapema. Watazamaji wanaona nyumba inaporomoka, na aliyelala chini anainuka kesho yake akapande ndege kwenda mji mwingine kulalia palepale tena. Mwanamieleka Bret Hart, aliyepigana naye mara nyingi, hajaacha kumtaja kwa sifa miongoni mwa wazito aliokutana nao, na Bret si mtu wa kugawa sifa ovyo.

Kisha kuna kuanguka. Mzito anayeanguka kila dakika anajishusha thamani mwenyewe. Yokozuna alikuwa na bajeti ya kuanguka. Pigo la kwanza, hatikisiki. La pili, kichwa kinarudi nyuma. La tatu, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga, mikono inapunga hewani, na ukumbi mzima unasimama kwa sababu tu mtu ameyumba. Akidondoka, ni mara moja, na hapo pambano limeshageuka. Alikuwa kama mpishi wa pilau anayejua ni lini afunue sufuria na ni lini aiache ijifie kwa mvuke wake. Machi 1994, Madison Square Garden, New York, alipoteza mkanda wa dunia kwa Bret bila kubwagwa na mtu: alipanda kamba kwa ajili ya Banzai Drop, akakosa mizani, akaanguka chali, Bret akamfunika. Wapo walioona ni mwisho mdogo kwa pambano kubwa. Mimi naona alimtunza bingwa mpya na kujitunza mwenyewe kwa pigo moja. Hakuna aliyemshinda nguvu, na bado ameshindwa.

Baada ya hapo mwili ulianza kuishinda kazi. Mwaka 1995 alipewa mwenza, Owen Hart, wakatwaa mikanda ya wawili wawili kwenye WrestleMania ya Hartford, na mpango ule ulikuwa mzuri: Owen akimbie, achokoze, apigwe, kisha amguse Yokozuna na Yokozuna amalize. Lakini uzito uliendelea kupanda mpaka ukapita kilo 270. Agosti 1996, mjini Cleveland, alipanda kona kumshukia Steve Austin, na kamba ikakatika. Ilipangwa ikatike, ili watu waone uzito wake umefika wapi. Mtu aliyekuwa anatisha kwa utulivu alifanywa kichekesho cha dakika chache kabla ya onyesho lenyewe kuanza, na hilo linaniuma mpaka leo. Miezi michache baadaye hakuonekana tena katika mapambano ya WWF. Akazunguka kwenye mashindano madogo madogo, na Oktoba 2000, akiwa safarini Uingereza, akafariki katika hoteli mjini Liverpool. Alikuwa na miaka 34.

Miaka 34. Katika kazi hii, huo ndio umri ambao mzito anaanza kuiva.

Basi nimpe njia nyingine. Ni mwaka 1997, na simu haipigwi kutoka Connecticut, kwenye makao ya WWF, inapigwa kutoka Tokyo, ofisi ya kampuni ya mieleka ya All Japan, kwa mwenye kampuni, Giant Baba. Namchagua Baba kwa sababu alijua jambo hili kwa mwili wake mwenyewe. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili, alikuwa anakaribia miaka 60, na alikuwa bado anapanda ulingoni kila msafara katika mapambano ya watatu kwa watatu, ambamo wazee hupewa kazi wanayoiweza. Andre the Giant, alipokuwa hawezi tena kutembea vizuri, alipata kwa Baba nyumba ya miaka yake ya mwisho ya kazi. Walisimama pamoja, majitu mawili, na watu wa Japani waliwashangilia kwa upendo bila kudai waruke. Tena njia hii haikuwa ndoto tupu. Vader, mzito mwingine ambaye WWF ilimtumia vibaya hadi akatangaza mwenyewe mbele ya kamera kwamba amekwisha, alikwenda All Japan mwishoni mwa 1998, na mwaka uliofuata alikuwa ameshika Triple Crown, taji kubwa la kampuni hiyo. Mlango ulikuwepo. Vader aliupita.

Sharti la kwanza ni la daktari, na hapo sitaki kudanganya kwa ndoto. WWF ilimtaka apunguze uzito, na haikufanikiwa. Kupungua na huku unapigana usiku baada ya usiku, unalala hotelini na kula usiku wa manane, ni shida kwa mtu yeyote. Misafara ya Baba ilikuwa ya wiki kadhaa, kisha mapumziko. Katika mapumziko hayo Rodney angekuwa nyumbani, chini ya uangalizi, bila kamera. Simtaki awe mwembamba. Arudi tu karibu na uzito aliokuwa nao alipokuwa Kokina, kabla hawajamwambia kwamba kadiri anavyonenepa ndivyo anavyouzika.

Sharti la pili ni jina. Yokozuna hawezi kuwa jina la kazi mjini Tokyo, ambako cheo hicho kina wenyewe. Angerudi kuwa Kokina, amevaa lavalava kiunoni, nywele zimefungwa, Msamoa mbele ya macho ya watu. Chumvi abaki nayo Mr. Fuji.

Mwaka wa kwanza angekuwa nje ya kamba zaidi kuliko ndani. Kusimama kwenye ukingo wa ulingo ukingoja kuguswa ni kazi, na wengi huifanya vibaya. Wanapunga mikono, wanapiga kelele, wanawaharibia wenzao walio ndani. Kokina angesimama tu, mkono mmoja juu ya nguzo, na kila mpinzani angelazimika kupima umbali wa kona ile. Akiguswa, aingie kwa dakika mbili: teke moja la kifuani, maana miguu yake ilikuwa myepesi ajabu, kumbana mtu mmoja kwenye kona kwa mwili mzima, pigo la mguu shingoni, atoke. Watazamaji wa ukumbi wa Budokan, Tokyo, wana subira. Wangeelewa kwamba anawekewa akiba.

Mwaka wa pili apewe mwenza, na ninaye: Maunakea Mossman, kijana wa Hawaii aliyelelewa katika mazoezi ya Baba mwenyewe, ambaye baadaye aliitwa Taiyo Kea. Ni mwepesi, ana mateke, ana umri wa kupigwa sana bila kuvunjika. Ule mpango wa Owen, lakini sasa na mtu anayetoka bahari ileile ya Pasifiki. Kijana afanye robo tatu ya pambano, mzee ailipie robo iliyobaki.

Na pambano kubwa moja, la peke yake, dhidi ya Kenta Kobashi, nyota wa All Japan. Namtaka Kobashi kwa sababu ya kilichotokea Julai 4, 1993, New York, juu ya meli ya kivita ya zamani Intrepid. Siku ile watu walijitokeza mmoja mmoja kujaribu kumbeba Yokozuna na kumbwaga, wakashindwa, mpaka mwanamieleka Lex Luger akafika kwa helikopta na kufanikiwa. Ulikuwa mweleka wa harakaharaka, zaidi kumzungusha kwa nyonga kuliko kumbeba, na kamera ikaugeuza historia. Kokina na Kobashi wangeweza kuufanya upya kama unavyostahili. Kobashi ajaribu dakika ya tano, na mgongo wake ukatae. Ajaribu dakika ya 12, amwinue kidogo tu, waanguke wote wawili, Kokina juu yake. Watu watadhani jambo limefungwa. Ndipo dakika ya 18, baada ya makofi yote ya kifuani, Kobashi aingize mkono wake kati ya mapaja kwa mara ya tatu. Hapo kazi kubwa ni ya anayebebwa. Kiganja chake kimoja kinakaa juu ya paja la Kobashi, vidole vya miguu vinasukuma sakafu kidogo, pumzi inashikwa ili mwili usilegee, kwa sababu mtu aliyelegea ni mzito maradufu. Mtazamaji hatakiona hata kimoja. Ataona kijana wa Kijapani amesimama wima na Msamoa mzima begani mwake, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyowezekana, kisha chini. Moja, mbili, tatu. Namtaka Kokina ashindwe pale. Ushindi ungemrudishia mkanda ambao alishawahi kuuvaa. Kushindwa kwa namna ile kungewaonyesha watu alichokuwa akikifanya miaka yote.

Mwaka 2000 simu ya Marekani ingefika, maana binamu yake, Solofa Fatu, alikuwa amezaliwa upya kule kwa jina la Rikishi, bonge la mtu lenye nywele za rangi ya dhahabu, linalocheza dansi katikati ya ulingo na kumaliza mapambano kwa pigo lilelile la Banzai Drop. Ukumbi ulikuwa unampenda. Kokina aende, usiku mmoja, wapigane upande mmoja wakiwa ndugu, bila bendera ya nchi isiyo yao. Yeye apande kamba ya pili kwanza, nyayo zitangulie, mapaja yapokee mzigo; kisha ashuke ampishe Rikishi amalize. Mikataba wakimletea, awashukuru na kuirudisha, kwa sababu msafara wa Tokyo unaanza wiki inayofuata na Mossman anamngoja.