Nyundo Isiyo na Haraka

Mzee tuliyemzika hapa Gilgil alikuwa mnadi wa mifugo, akiingia zizini kabla ya wanunuzi, baridi ya Bonde la Ufa ikiwa bado inauma. Alilelewa ranchini upande wa Elmenteita, baba yake akichunga ng'ombe wasiokuwa wake. Ndiyo maana siku ya mnada hakuanza na orodha ya karatasi. Alianza na ng'ombe.

Kwanza alisimama mbali akawaacha watembee, maana mguu unaouma hujionyesha mnyama anapogeuka. Kisha alisogea, akashika pua kwa vidole viwili, akateremsha mdomo wa chini, akahesabu meno. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, kwa hiyo umri wake husomwa chini: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka akikaribia miaka miwili, na yote manane yakitimia ana kama minne au mitano. Aliyeandikiwa miaka miwili akakutwa na meno manane alirudishwa kwa mwenyewe polepole, bila kuaibishana, orodha irekebishwe. Baadaye mkono ulianzia kwenye nundu, ukafuata mgongo hadi nyonga, ukipima nyama iliyofunika mifupa. Kwa ng'ombe wa aina ya Boran alikagua sana kifua na kiuno. Kwa Sahiwal, ambao asili yao ni Punjab na ambao kituo cha utafiti cha Naivasha kimewazalisha kwa miaka mingi, aliinama kwenye kiwele. Mwisho ilikuwa zamu ya sikio: namba ya hereni ilingane na ya orodha, na zote zilingane na kibali cha daktari wa mifugo. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, hakuna mnada, hata kama wanunuzi wametoka Narok.

Umati ulipojipanga kando ya ua, hakufoka. Marekani wanadi wa mifugo hushindania ubingwa wa dunia tangu 1963, na kasi ya ulimi ni sehemu ya sifa yao. Mzee hakuwa na kasi hiyo, na sidhani Gilgil ingeitaka. Alimtaja mnyama kwa sentensi tatu: aina, umri, kasoro. Kasoro aliitamka kwa sauti ileile ya sifa, na humo mlikuwa na hesabu pia, kwani mnunuzi aliyeambiwa waziwazi kwamba maksai ana kovu pajani huuamini na uzito anaosomewa.

Bei ya kufungua aliiweka chini ya makisio yake, ili hata mwoga apate pa kuingilia. Ilipanda kwa elfu tano tano, hatua ikapungua hadi elfu mbili, halafu elfu moja, na ilipofika mia tano walikuwa wamebaki wawili. Kila mnunuzi ana ishara yake: mmoja hugusa kofia. Mwingine huinua ncha ya fimbo, mwingine hutazama tu chini asionekane ana hamu. Mzee aliwajua wote, lakini aliyetoa dau kubwa hakumkazia macho; alimtazama yule anayefikiria. "Mara ya kwanza. Mara ya pili." Hapo nyundo ya mbao ilibaki hewani, na nimewaona wanadi wengine wakipoteza maelfu kwa kuishusha upesi. Akiona mtu ameinama sikioni mwa nduguye, alisema, "Wacha aulize," akangoja. Mara nyingi fimbo iliinuka tena.

Kenya jina la mnadi huogopwa. Wengi humjua kama mtu wa lori, anayefika baada ya notisi ya siku saba kuchukua makochi ya mwenye deni, chini ya Sheria ya Wanadi ya 1996. Mzee hakuitaka kazi hiyo.

Aliyoitaka zaidi hakuwa analipwa. Baada ya ibada, palipokuwa na harambee ya darasa au bili ya hospitali, alisimama mbele ya meza yenye maboga, keki, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Kwenye mnada wa kanisa bei haifuati kitu: jogoo hununuliwa, hurudishwa mezani kwa hiari, huuzwa tena. Aliwaanza watoto na sarafu zao. Mheshimiwa aliyekuja na kitita alimweka mwisho kabisa, kwa kuwa elfu hamsini zikitajwa mapema, mwenye mia moja hauinui mkono tena. Dau la mjane likizidi uwezo wake, alimpa mlango wa kutokea: "Mama, huo mkono ni mia tano, ama ulikuwa unafukuza nzi?" Kanisa likacheka, mama naye akacheka, na akina mama wa kwaya wakaombwa wachange pamoja wamalizie.

Jioni alibaki na mweka hazina na daftari: aliyelipa taslimu, aliyetuma kwa M-Pesa, aliyeahidi mwisho wa mwezi. Ahadi alizifuata mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akikaa kunywa chai kabla ya kuzitaja. Jogoo aliyeuzwa mara nne alikuwa na majina manne kwenye ukurasa mmoja, yote manne yakidaiwa, na wa mwisho ndiye aliyeondoka naye.